Ubeti wa Jusab Mfinyanzi

Hasidi hana sababu, husema watu. Jusab mfinyanzi wa Vadhora alikuwa nazo sababu, tena tele, na ungemkalisha kitako angekutajia moja baada ya nyingine. Ila hakuna aliyemkalisha. Kila mgeni aliyefika Vadhora, awe ametoka mjini Bhuj au amekata jangwa la chumvi juu ya ngamia, alikuja kumtafuta Samat, na nyumba ya Jusab ndiyo iliyokuwa ya kwanza njiani. Kwa hiyo Jusab alikuwa na kazi mbili hapa duniani: kufinyanga mitungi, na kuwaonyesha watu mlango wa jirani.

"Mzee, kwa Pir Samat ni wapi?" waliuliza Waislamu, maana kwao alikuwa walii.

"Bava Samat anakaa wapi?" waliuliza Wahindu, ambao kwao alikuwa baba mtakatifu.

"Hapo penye magae," alijibu Jusab, na hakudanganya. Samat naye alikuwa mfinyanzi, lakini mfinyanzi gani! Nusu ya alichokichoma kilipasuka tanurini, na lundo la magae mbele ya nyumba yake lilikuwa refu kuliko mbuzi aliyesimama. Watu walilipita lundo hilo wakivua viatu kana kwamba wanaingia msikitini.

Jusab na Samat walikuwa wamelelewa nyumba moja. Mwaka wa ukame mkubwa Samat alibaki yatima, na mzee Alana, baba yake Jusab, akamchukua. Walilala mkeka mmoja, wakamega mkate mmoja wa uwele, wakafundishwa kufinyanga kwenye gurudumu moja. Jusab alipofika miaka kumi na miwili aliweza kuuinua juu ya gurudumu mtungi wenye mabega membamba hata ukiugonga kwa kucha unalia. Siku alipouinua wa kwanza, mzee Alana aliuzungusha, akauangalia chini na juu, akasema, "Vizuri." Basi. Kisha akamgeukia Samat, ambaye mtungi wake ulikuwa umelala ubavu juu ya gurudumu, na Samat alikuwa ameuinamia akiusemesha kwa mashairi, anaubembeleza uamke kumekucha. Mzee Alana alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Alimkumbatia Samat kwa mikono yote miwili yenye udongo. Jusab alisimama pale na mtungi wake mzima, akajifunza jambo ambalo hakulisahau mpaka uzee wake: kwamba mtungi mzuri hupata neno moja, na mtungi mbovu hupata mapenzi.

Wala usidhani Jusab hakuwa na mashairi. Alikuwa nayo. Aliyatunga akikanyaga udongo, akayahesabu mizani kwa vidole vya miguu, na vina vyake vilikaa sawa kama mitungi kwenye rafu. Tatizo lilikuwa moja, na sisi tuliokulia kule tunalisema bila kuona haya: mitungi yake ilikuwa na nafasi ndani, beti zake hazikuwa nayo. Samat mwenyewe alimwambia siku moja, walipokuwa bado vijana, "Umetia mchanga mwingi, ndugu yangu. Unaogopa utapasuka." Mfinyanzi hutia mchanga kwenye udongo ili chombo kivumilie moto, na ukizidisha chombo hukwaruza mkono. Jusab alielewa vizuri sana. Alikaa siku tisa bila kumsemesha.

Na kule kwetu mstari wa mwisho wa ubeti hubeba jina la aliyetunga. Mwimbaji akifika hapo watu hunyamaza, wanalingojea jina kama wanavyongoja chumvi. Ubeti usio na jina ni ng'ombe asiye na alama, kila mtu humfunga zizini kwake. Jusab alithubutu mara moja tu, kwenye harusi ya binti yake Vishram mfumaji. Aliimba ubeti wake mpaka mwisho, akalitamka jina lake kwa sauti ya kutetemeka.

"Jusab yupi?" akauliza mtu nyuma. "Yule wa mitungi?"

"Ndiye."

"Haya, Jusabbhai, kabla sijasahau, mke wangu anataka miwili mikubwa!"

Watu walikufa kwa kicheko. Aliipeleka mitungi ile miwili wiki iliyofuata, na tangu siku hiyo beti zake hazikusikiwa na mtu ila mkewe, Khatubai, aliyekuwa akiipaka mitungi nakshi nyekundu na nyeusi na kumsikiliza kwa sikio moja. Alichokitaka Jusab maisha yake yote kilikuwa kidogo: ubeti mmoja tu, uimbwe na watu wasiomjua, na wakifika mwisho waseme Jusab.

Samat alitoweka miaka mitatu akimfuata mtawa mmoja wa Kihindu aliyepita kijijini miguu mitupu. Aliporudi alikuwa anafinyanga vibaya zaidi na anaimba vizuri zaidi. Kila Alhamisi baada ya alasiri uwanja wake ulijaa. Wafumaji wa Kihindu walikuja na mazeze yao, wachungaji wa Kiislamu wakaja na harufu ya nyati wao wa kufugwa, Vishram akaongoza waitikiaji. Mtu mwenye mikono yenye nguvu alihitajika kupiga mtungi mtupu kushika mwendo wa wimbo, na nani mwenye mikono Vadhora kama si Jusab? Samat alimwita mwenyewe. Kukataa kungeonyesha kijicho chake mchana kweupe. Akakubali, akakaa kulia kwa Samat, na akakaa hapo miaka ishirini.

Jambo lililowasumbua wakubwa halikuwa nyimbo. Lilikuwa maji. Vadhora kila kundi lilikuwa na kisima chake, kila nyumba na mtungi wake, na mkono usiotakiwa ukigusa mtungi, mtungi huvunjwa papo hapo. Samat aliweka mtungi mmoja katikati ya uwanja, na kata moja, na kila aliyekuja kuimba alikunywa humo. Mfanyabiashara alikunywa baada ya mfumaji. Haji alikunywa baada ya kuhani wa hekalu. Wazee wa msikiti walikuja kugomba, na wazee wa hekalu wakaja kugomba, wakakutana mlangoni, na kwa kuwa jua lilikuwa kali wakaomba maji.

"Wewe unacheka," Khatubai alimwambia mumewe jioni ile. "Wakizoea kunywa mtungi mmoja, sisi mitungi tutamuuzia nani? Huyo ndugu yako anatukata shingo kwa wimbo."

Lakini Jusab hakuwa akiwaza biashara. Alikuwa akiuwaza ule mtungi wenyewe. Ulikuwa umepasuka tanurini, una ufa kutoka begani hadi karibu na kitako, unavuja tone kwa tone, na vumbi chini yake lilikuwa tope daima. Ungeujaza alasiri, machweo ungeukuta nusu. Aibu ya ufinyanzi! Na huo ndio ambao watu waliugusa kwa paji la uso kabla ya kunywa.

Basi akaamua kutengeneza mtungi. Alichimba udongo wa ziwa lililokauka, akauchekecha mara tatu, akaukanyaga siku mbili. Aliufinyanga ukawa mwepesi hata Khatubai aliubeba kwa mkono mmoja, na Khatubai, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alikaa siku nne akiupaka samaki na majani na mistari ya maji. Hakuna mtungi kama ule uliowahi kutoka Vadhora. Alhamisi akaubeba mwenyewe, akauweka mbele ya Samat.

"Huu hauvuji," alisema.

Samat aliuzungusha kama alivyouzungusha mzee Alana, na macho yakamlengalenga. "Ndugu yangu," alisema, "mikono yako haina mfano." Watu wote walisikia. Wiki nzima Jusab alitembea kama bwana harusi.

Alhamisi iliyofuata alifika, na mtungi wenye ufa ulikuwa palepale, unadondoka palepale.

"Ule wangu uko wapi?"

"Nimempa binti wa mchunga nyati, kaolewa juzi na hana kitu," alisema Samat kwa furaha. "Mtungi mzuri vile ukae hapa kwenye vumbi? Nikasema, acha upate nyumba."

Jusab akaenda kukaa mahali pake. Hakuna mwingine aliyeuliza ulikokwenda. Na siku hiyohiyo, kama vile Mungu anamtania, wakaja wageni wawili mashuhuri. Mmoja alikuwa mfanyabiashara aliyerudi kutoka hija yake ya Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, na chombo cha shaba chenye maji ya mto Ganga. Mwingine alikuwa nahodha wa bandari ya Mandvi aliyerudi kutoka Makka na chupa ya Zamzam. Kila mmoja alimimina maji yake katika ule mtungi mbovu mbele ya watu, na watu wakalia, na mtungi ukayavujisha yote mawili, tii, tii, tii, mpaka mbwa mmoja akaja kuramba tope. Jusab alimtazama yule mbwa. Hakuwahi kuona kitu kilichomchukiza kama kile.

Kesho yake alikuwa akikanyaga udongo, hasira zimempanda hadi utosini, na ubeti ukamtoka mdomoni wenyewe. Hakuhesabu mizani. Hakuhesabu chochote.

Wamemimina ya Ganga, mtungini yakatoka,
Wakaongeza Zamzamu, nayo chini yakashuka,
Mwenye kiu nenda zako, hapa tone halibaki,
Samat, mtungi wa ufa, haujai, haushiki.

Alisimama na udongo umemfika vifundoni, akacheka peke yake. Lilikuwa tusi kamili. Maji matakatifu ya Wahindu yamemwagwa, maji matakatifu ya Waislamu yamemwagwa, na Samat ametajwa kwa jina kuwa chombo kisichofaa. Tena jina lilikuwa mahali pa mtungaji, kwa hiyo watu wangedhani kasema mwenyewe. Wahindu wangekasirika upande huu na Waislamu upande ule, na uwanja ungebaki mtupu. Alitaka hivyo hasa. Alitaka siku moja mgeni afike Vadhora asiulize kitu.

Siku ya gulio akaenda na mitungi yake, akakaa karibu na wauza ngamia, akaanza kuuimba huku akigonga mtungi.

"Mmeusikia huu? Mpya wa Samat."

Walikuja watu watano, wakawa kumi. Mchunga ngamia mmoja mzee, mwenye ndevu zenye vumbi, aliomba aurudie, kisha aurudie tena. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Sasa wewe unalia nini?" aliuliza Jusab.

"Kumbe hata yeye hashiki kitu!" alisema mzee yule. "Miaka yote hii nimesali, nimefunga, na sioni kilichobaki ndani. Nikadhani ni mimi peke yangu. Kumbe na yeye! Ah, mtu huyu, jamani, mtu huyu!" Akanunua mtungi bila kupatana bei.

Ikawa ndiyo hiyo. Mpaka jua linatua gulio zima lilikuwa linauimba. Mfinyanzi aliyechoma miaka arobaini asipate hata neno, leo kachoma tusi limetoka dhahabu.

Alhamisi Vishram alikuja mbio, zeze kwapani. "Bava, mbona hukutuimbia sisi kwanza? Watu wa ngamia wanajua kabla yetu!" Akauimba ubeti wote mbele ya uwanja uliojaa. Mikono ya Jusab ilisimama juu ya mtungi. Sasa, alijiambia, sasa atakana, sasa watauliza ulikotoka.

Samat alikuwa amefumba macho. Ulipofika mstari wa mwisho aliyafumbua, akautazama mtungi wake unaovuja, akamtazama Jusab. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mkewe Hurbai akatoka kumpiga mgongo.

"Nani kauleta huu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Kwani si wako, Bava?" Vishram akashtuka, na vijana wa wafumaji nyuma yake wakainua shingo. "Kama kuna mtu kathubutu kukutia maneno mdomoni, tutajie. Tutamvunjia tanuri leo hii."

Samat aliwatazama wale vijana.

"Ni wangu," alisema. "Imba tena."

Mwizi! Jusab alipiga kelele, ila ndani kwa ndani. Angesema nini? Kwamba ni wake? Basi angesema pia kwa nini aliutunga, na tanuri lake lingekuwa vipande kabla ya magharibi. Maji yakimwagika hayazoleki. Akapiga mtungi, Vishram akaimba, na watu mia wakamwitikia mwizi ubeti wa Jusab.

Uliimbwa hivyo miaka kumi na mmoja. Mahujaji waliuchukua hadi nchi ya Sindh, wanawake wakaubembelezea watoto. Katika nyimbo zote za Samat huo ndio uliopendwa kuliko zote, na kila Alhamisi ndio ulikuwa wa mwisho. Samat alikuwa na tabia moja katika kuuimba iliyomtafuna Jusab maini. Aliimba mistari mitatu mwenyewe. Akifika wa nne, penye jina, alinyamaza, akamgeukia Jusab kwa macho yenye kicheko, akangoja. Alingoja pumzi mbili, tatu. Kisha watu walijaza kwa sauti moja, Samat! Jusab aliiona ni kiburi. Mtu anataka asikie jina lake likitoka kwenye vinywa vya watu, tena amtazame aliyeibiwa usoni wakati linatoka.

Alijaribu kumwambia Khatubai mara moja.

"Ule wa mtungi wa ufa niliutunga mimi."

Khatubai hakuinua hata brashi. "Na mimi ndiye niliyelichora jua," alisema. "Kula, mkate unapoa."

Samat alikufa kwa homa ya majira ya baridi, haraka, kati ya Jumatatu na Jumatano. Jusab alichimba kaburi na wengine. Kama alilia hatujui, alikuwa amejaa vumbi usoni. Walimzika uwanjani mwake, mtungi wenye ufa wakauacha mahali pake, na wafumaji wakaleta taa na wachungaji wakaleta kitambaa cha kijani. Halafu wakakaa kupanga jiwe la kaburi, litakalosimamishwa siku ya arobaini. Wazee wa msikiti na wazee wa hekalu walikubaliana, na hata mvua haikuwahi kuwapatanisha hivyo. Lichongwe ubeti wa mtungi.

Jusab aliposikia hivyo hakuweza kukaa. Mdomoni mwa watu ubeti hubadilika, mtu anaweza kuurudisha. Kwenye jiwe hauondoki. Siku ya thelathini na nane alikwenda kwa Hurbai asubuhi, akamkuta anapepeta uwele.

"Shemeji," alisema akiwa bado amesimama, "ule ubeti ni wangu."

"Kaa, shemeji."

"Sikai. Ni wangu, niliutunga nikikanyaga udongo, na mumeo aliuchukua mbele ya watu mia. Nasema ukweli mbele ya Mungu."

"Kwani nani kakukatalia?" Hurbai aliendelea kupepeta. "Nilijua siku ileile. Watu walipoondoka alinikamata mkono hapo jikoni, anacheka kama mtoto. Akaniambia, 'Hurbai, leo Jusab kachoma mtungi usio na mchanga.'"

Jusab akakaa.

"Nikamwambia, lakini kakutukana! Akasema, 'Ndiyo, na kanitukana vizuri.'"

"Alijuaje?"

"Kijiji kizima nani mwingine alikuwa akiutazama ule ufa kila Alhamisi kama anayetazama kidonda cha mwanawe?"

"Basi mbona akasema ni wake?"

"Na wale vijana wa Vishram je? Umesahau walivyosema? Ungeamka na tanuri wewe?" Aliweka ungo chini. "Halafu alikuwa anakungojea. Kila Alhamisi. Mbona penye jina alikuwa ananyamaza? Alikuwa anakuachia wewe, shemeji. Miaka kumi na mmoja. Mimi nilichoka, nikamwambia huyu hatasema. Akaniambia, 'Atasema, bado hajaiva.'"

Jusab alirudi nyumbani akiburuta miguu. Mtu mwingine angelainika. Angelia, angesamehe, angesamehewa. Yeye wivu ulimwaka upya, mkali kuliko ule wa ujana. Alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho Samat hakuwa nacho, siri yake, na kumbe Samat alikuwa nayo siku zote, kaiweka jikoni, anaicheka na mkewe. Hata husuda yangu kaijua kabla yangu, alijisemea. Nimebaki na nini mimi?

Akaazimia kusema siku ya arobaini, mbele ya watu wote, kabla jiwe halijasimamishwa.

Siku hiyo uwanja haukutosha. Watu walikaa mpaka juu ya lundo la magae. Jiwe lilikuwa limelazwa kando, limefunikwa. Vishram alikuwa amekauka sauti kwa siku arobaini za kuimba, na Jusab alipomwambia, "Leo wa mwisho niimbe mimi," alimshika bega akakubali. Jusab alijipakatia mtungi wake mtupu, akaanza kupiga, na akaimba kwa ile sauti yake ya harusini, yenye kutetemeka. Ganga ikapita. Zamzamu ikapita. Mwenye kiu akaambiwa aende zake. Akafika penye jina, na watu wakanyamaza.

Hapo ndipo alipoona alichokuwa hajawahi kukiona. Jina la Samat na lake yalikuwa na uzito mmoja mdomoni, moja lingekaa palepale pa lingine bila mizani kuyumba. Lakini akiliweka lake, yeye ndiye mtungi wa ufa. Tusi lote alilolichoma kwa ajili ya Samat lilikuwa limekaa hapo miaka kumi na mmoja likimngoja mwenyewe, na hakukuwa na njia nyingine ya kuupata ubeti wake ila kuingia ndani yake. Alikuwa amemimina maisha mazima ndani ya nafsi hii, sifa za baba, mikono isiyo na mfano, mke mwema, ndugu wa mkeka mmoja, na hakuna tone lililobaki.

"Jusab," aliimba, "mtungi wa ufa, haujai, haushiki."

Kisha mtu juu ya magae akasema kwa upole, "Samat, mzee. Ni Samat hapo."

Akaurudia mstari. "Jusab, mtungi wa ufa."

"Samat!" wakamsaidia watu kumi, ishirini.

Jusab aliacha kupiga. "Sijakosea," alisema kwa nguvu. "Sikilizeni. Ubeti huu niliutunga mimi. Niliutunga kumtukana. Nilimlia ngoa maisha yangu yote, nilitaka mumchukie!"

Vishram aliinuka akamkumbatia, machozi yanamchuruzika ndevuni. "Mnamwona?" aliwaambia watu kwa ile sauti yake iliyokauka. "Mnamwona mtu anavyompenda ndugu yake? Ametaka hata ule ufa wa Bava aubebe yeye!" Na uwanja mzima ukaangua kilio. Wanawake walijipiga vifua. Mzee wa msikiti alimbusu Jusab kwenye paji la uso. Wakalifunua jiwe, likasimamishwa, na mstari wa nne ulianza na jina la Samat, limechongwa vizuri sana.

Wakauimba tena wote pamoja, na mtu akahitajika kushika mwendo, kwa hiyo Jusab akauvuta mtungi wake. Penye jina watu mia tatu waliimba Samat. Upande wa wanawake, karibu na mtungi unaovuja, sauti moja nyembamba ya kizee iliimba Jusab. Aliisikia. Aliinamisha kichwa aisikie vizuri zaidi, na wivu ukamchoma hapohapo kama kawaida yake, maana hata shahidi wake wa pekee alikuwa mjane wa Samat. Lakini ubeti ulikuwa mzuri, yeye alijua kuliko wote jinsi ulivyokuwa mzuri, na mikono yake haikukosea hata pigo moja.